Nilimfuata Tyson Mpaka Gairo

Msomaji wangu, hebu leo tuambiane ukweli. Jumatatu asubuhi ofisini ukiulizwa wikiendi ulitazama nini, unajibu nini? Unataja tamthilia ya Kikorea, au ile ya Netflix ambayo kila mtu anaichonga. Husemi kwamba Jumamosi usiku ulijifunika kanga kwenye kochi ukaangalia muvi ya Bongo ya mwaka 2006, sehemu ya kwanza na ya pili, ukalia mpaka pua ikaziba. Mimi nalia. Nina digrii ya mawasiliano, nimekaa kwenye semina kibao na watu wanaolitamka neno "sinema" kama vile wameshika glasi ya mvinyo, na bado nalia.

Basi bwana, siku moja shemeji yenu akanipigia simu kutoka Dodoma. Kumbukumbu ya ndoa yetu, mwaka wa nane, ilikuwa inakaribia na alitaka kujua mtoko wa safari hii uwe wapi.

"Gairo," nikamwambia.

Kimya.

"Gairo ipi?"

"Kwani ziko ngapi? Hiyo hiyo unayopita kila baada ya wiki mbili."

"Mama, mimi nilikuwa nafikiria Nungwi."

Usimcheke, ana haki yake. Kwa mtu anayeendesha gari kati ya Dodoma na Dar, Gairo ni mahali pa kujaza mafuta, kula mishkaki miwili na kuondoka. Iko karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, juu mlimani, upepo mtupu. Nani anampeleka mkewe Gairo kwenye anivesari? Lakini mimi nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza nilimwambia siku hiyo hiyo. Ya pili nilikaa nayo kifuani.

Sababu ya kwanza inaanzia mwaka 2003, Morogoro mjini, Mwembesongo, sebuleni kwa mama mdogo. Nilikuwa kidato cha pili. Mama mdogo alikuwa na deki, na kwa mtaa wetu mwenye deki alikuwa mtu mzito. Jioni watoto wa jirani walijaa sakafuni, wakubwa wakasimama dirishani. Tulikuwa tunaangalia muvi za Kinaijeria, wachawi na matajiri wa Lagos, au za Kihindi na za kizungu zilizoingiziwa sauti ya Lufufu, yule bwana aliyekuwa akitafsiri juu kwa juu mpaka unasahau kwamba mwigizaji mwenyewe hajui hata neno moja la Kiswahili. Siku hiyo mama mdogo akaleta kanda mpya. Jina lake *Girlfriend*. Ndani yake yumo TID, yule yule wa *Zeze*, na Monalisa.

Sijui nikuelezeje kama ulizaliwa juzi. Watu waliokuwa kwenye runinga walikuwa wanaongea kama sisi. Si kile Kiswahili cha maigizo ya redioni kilichopigwa pasi. Kiswahili cha mtaani kabisa, cha vijana wa Dar, na bongo fleva nyuma yake. Muvi za Kiswahili zilikuwepo kabla ya hapo, sikatai. Lakini wengi wa rika langu tunahesabu kuanzia hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotukuta tukiwa na miaka kumi na mitano na moyo umekaa wazi. Tuliirudia usiku ule ule. Mama mdogo, aliyekuwa anaamka saa kumi na moja kwenda sokoni, alikaa mpaka mwisho mara zote mbili.

Kwenye majina ya mwisho, ambayo watu wazima wote huwa wameshainuka kutafuta ndala zao, mimi nilibaki nasoma. Mwongozaji: George Tyson. Ndiyo mara ya kwanza nilielewa kuwa muvi ina mtu nyuma yake, kwamba yupo aliyemwambia Monalisa simama hapa, geuka sasa. Jina lake kamili ni George Otieno, mtoto wa Kenya aliyehamishia maisha na kazi yake Bongo. Nje ya kamera aliwahi kuwa mume wa huyo huyo Monalisa. Kwa msichana wa kidato cha pili hiyo ilikuwa habari ya kutosha kuota mwezi mzima. Nikisema nilichagua kusoma mawasiliano kwa ajili ya kanda moja ya deki nitakuwa nimetia chumvi, ila si nyingi.

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2014, Tyson alikuwa safarini kutoka Dodoma. Alifariki kwa ajali ya gari Gairo. Nilikuwa kwenye ajira yangu ya kwanza, nikapata habari kwa ujumbe wa simu, nikatoka nje ya ofisi nikasimama kwenye ngazi. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza nimefiwa na nani. Nikashindwa kumjibu, maana ningesema nini? Mtu niliyesoma jina lake kwenye kanda?

Sasa hapa ngoja nikuchukue pembeni kidogo.

Nina rafiki yangu wa chuo anayeishi Uingereza, mgonjwa wa Harry Potter. Mwaka juzi alinitumia picha zaidi ya 40 kwa siku moja kutoka Leavesden, nje kidogo ya London, kwenye studio zilikofanyiwa kazi filamu zote 8. Wameifungua kwa wageni tangu 2012. Unakata tiketi, unaingia kwenye ule ukumbi wa chakula wenye meza ndefu, unapiga picha ukisukuma toroli lililozama nusu ukutani, unakunywa kile kinywaji chenye povu wanachokunywa kwenye muvi. Mavazi yapo. Vijiti vya uchawi vipo. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mhasibu, mama wa watoto wawili, analia machozi mbele ya mfano wa kasri, na hakuna anayemshangaa kwa sababu kila aliye pembeni yake analia pia. Hollywood, Universal wanawazungusha watu kwenye vigari vyao vya kitalii tangu 1964. Hyderabad kuna Ramoji Film City, tangu 1996, mji mzima wa kupigia muvi, mpaka stesheni ya reli ya uongo wanayo.

Sisi je? Mgeni akitua leo akasema nipelekeni kwenye muvi zenu, tutampeleka wapi? Kinachochekesha ni kwamba muvi ya Wamarekani tunayo sehemu ya kuionyesha. *Hatari!* ya John Wayne, iliyotoka 1962, ilipigwa kwetu huku, na Momella, pembeni ya Hifadhi ya Arusha, mpaka kesho kuna loji inayobeba jina hilo hilo la Hatari, kwenye eneo ambalo mwigizaji mmojawapo, Mjerumani Hardy Krüger, alilipenda akalinunua. Wazungu walikuja, wakakimbizana na vifaru, wakaondoka, na kitanda cha kulala shabiki wao kipo. Muvi zetu wenyewe, maelfu kwa maelfu, hazina hata kibao.

Naijua sababu, maana nimezisoma na kuandika habari zake kwa miaka. Muvi ya Bongo haikuwahi kuwa na studio ya kupigia. Nyumba iliazimwa. Mtu ana rafiki, rafiki ana mjomba mwenye nyumba ya ghorofa Mbezi Beach, mjomba anasema sawa lakini siku tatu tu na mbwa msimguse. Picha zinapigwa wiki moja, mbili zikizidi sana. Inakatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili, inapelekwa Kariakoo, msambazaji anatoa hela mara moja na kuondoka na haki zote. Ukiwa shabiki wa kweli unaanza kuyatambua makochi. Kuna sebule moja yenye ngazi ya kuzunguka na maua ya plastiki nimeiona kwenye muvi tano tofauti: humo watu wamechumbiwa, wamesalitiwa, wamekufa na wamefufuka.

Mwaka 2019 nilijitengenezea ziara yangu mwenyewe. Niliitafuta hiyo sebule kwa wiki tatu kama mpelelezi, nikalipata geti. Mlinzi akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema, "Dada, hapa ni makazi ya watu." Nilipiga picha geti. Ninayo mpaka leo, geti jeusi, ukiiangalia huwezi kujua ni kwa nini niliipiga.

Kanumba angalau ana kaburi. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, na siku ya kumzika nilikuwa Leaders Club katikati ya umati ambao sijauona tena hapa mjini. Watu walizimia. Ukitaka kumsalimia staa wa *Dar 2 Lagos* unakwenda makaburi ya Kinondoni, unauliza, unaonyeshwa. Tyson alirudishwa kwao Kenya. Kwetu Tanzania aliacha muvi, na aliacha Gairo.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili nitakwambia tukifika.

Niliondoka Dar Ijumaa asubuhi na treni ya SGR. Ilipoanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na safari ni kama saa mbili hivi, kitu ambacho kwa basi, ukihesabu foleni ya Kimara mpaka Kibaha, ilikuwa ni kuomba Mungu. Unajua umefika pale Uluguru inapojitokeza upande wa kushoto. Milima ile ina tabia ya kujifunika wingu kichwani hata siku ya jua kali, na mimi niliyekulia chini yake bado huwa nasimama kuiangalia kama mgeni. Stesheni iko Kihonda. Nikachukua bajaji mpaka Msamvu kutafuta basi la kupanda juu, maana treni ikitoka Morogoro inashika njia ya Kilosa na Gulwe. Gairo haipiti.

Nikiwa Msamvu nasubiri, nilimkumbuka Mbaraka Mwinshehe. Huwezi kukaa Morogoro bila kumkumbuka, hata kama ulizaliwa miaka kumi baada yake. Gitaa la Morogoro Jazz, fahari ya mji huu, na alifia barabarani, ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Msanii wa Morogoro akaishia barabara ya Kenya. Miaka thelathini na mitano baadaye msanii wa Kenya akaishia barabara ya Morogoro. Sijui la kufanya na jambo hilo. Nililiwaza tu, kisha kondakta akaanza kuita Dodoma, Dodoma, nikapanda.

Kutoka Morogoro mpaka Dumila ni tambarare, mashamba na joto, na akina mama barabarani na ndoo za nyanya. Dumila ndipo mafuriko ya Januari 2014 yaliikata barabara hii, magari yakalala pande zote mbili. Ukiivuka ndipo safari inapobadilika. Basi linaanza kukoroma, kona baada ya kona, milima ya Ukaguru inakaa kushoto, hewa inapoa dirishani. Malori ndiyo yanayotawala. Haya ni malori ya Rwanda, ya Burundi, ya Kongo, yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma ya kila lori moja kuna magari madogo manane, na nyuma ya usukani wa kila gari dogo kuna mwanaume anayeamini kwamba yeye anaweza kupita. Nilihesabu mara tatu dereva wetu alipotoka upande wa pili akarudi haraka. Mama niliyekaa naye alikuwa anasoma rozari. Mimi si Mkatoliki lakini nilimsogelea.

Gairo ilinipokea na upepo. Si utani, shuka na mtandio. Ni mji wa Wakaguru, ulikuwa chini ya Kilosa mpaka ulipopata wilaya yake mwaka 2012, na sehemu kubwa ya maisha ya pale unaiona kutoka barabarani: vituo vya mafuta, gesti, majiko ya chips, magunia ya vitunguu, malori yaliyopaki kwa mstari, bodaboda wamevaa makoti kama wako Makete. Wenyewe wanasema ukitaka kuijua Gairo ingia ndani, panda kule Nongwe kwenye misitu. Nakubali, ila mimi nilikuja kwa ajili ya barabara.

Nikaketi kwa mama mmoja wa chai, kibanda cha mabati, chapati za moto. Shikamoo, marahaba, umetoka wapi, Dar, karibu Gairo. Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na picha ya Tyson kwenye simu.

"Mama, natafuta mahali ilipotokea ajali."

Akaacha kugeuza chapati. "Ajali ipi, mwanangu?"

"Ya mwaka 2014. Ya msanii, mwongozaji wa muvi."

Akaangalia picha, akaangalia barabara, akaiangalia tena picha. Nilimwona kabisa anajitahidi kunisaidia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi, "Zimekuwa nyingi, mama. Kama ungesema ya basi labda."

Msomaji, hapo ndipo safari yangu ya kishabiki iliponishinda. Nilikuwa nimekuja kutafuta mahali pa mtu mmoja, na mwenyeji wangu alikuwa na orodha. Alinitajia alizozikumbuka. Sitazirudia hapa, ni misiba ya watu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakunywa chai pembeni akasema yeye angenipeleka popote nitakapo, kilomita tano huku au kilomita tano kule, lakini kusema ni hapa, "hapo nitakuwa nakudanganya, dada." Nilimpenda kwa hilo. Leavesden wangekuwa na kibao.

Nikatembea. Hatua mia mbili hivi mbele nikakuta kibanda kimeandikwa LIBRARY kwa rangi nyekundu, ndani kijana, kompyuta moja, spika mbili, na ukuta mzima wa makava ya DVD yaliyokwisha rangi kwa jua. Siku hizi hauzi DVD, anakujazia flashi. Watamu anao: za Kituruki, za Kikorea, za Kihindi zilizotafsiriwa, ngumi za kila namna.

"Za Bongo unazo?"

"Zipo, anti. Mpya mpya."

"*Girlfriend*?"

Akaandika kwenye kompyuta. Akaandika tena. "Ya nani hiyo?"

Nilitaka kukasirika. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka ishirini, ishirini na moja, yaani muvi inamzidi umri. Kuna saa unagundua umekuwa mtu wa zamani, na unagundulia Gairo. Badala ya hasira nikafungua mkoba. Flashi ninayo, natembea nayo, nakala niliyoihamisha miaka iliyopita kutoka kwenye kanda ya mama mdogo, ina mistari na mahali pengine sauti inazama. Nikamwambia aichomeke. Akaicheza kidogo, akainama, akasogea karibu na kioo. "Huyu si ndiye yule mama wa kwenye tamthilia?" Ndiye. Monalisa, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Akaita mwenzake wa duka la jirani aje aone. Wakacheka nguo. Halafu wakaacha kucheka, wakawa wanaangalia.

Akaniomba ainakili. Sheria ya hakimiliki naijua, niliisoma chuoni na niliifaulu, nisamehe. Akatengeneza folda mpya, akaipa jina "Bongo za zamani", akaitupia humo. Bei yangu ikawa msimu mzima wa tamthilia ya Kituruki, ambayo sikuiomba na nimeshaimaliza.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni nilikuwa gesti, nimeoga maji ya ndoo, nimejipaka, namsubiri mume wangu. Alikuwa ameniambia anatoka Dodoma saa tisa. Kwa mwendo wa kistaarabu angefika kabla ya giza.

Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja. Napiga simu: haipatikani.

Sasa ile sababu ya pili. Ofisi ya shemeji yenu ni miongoni mwa zile zilizohamia Dodoma baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli. Tulifanya hesabu, kazi yangu iko Dar, mtoto shule Dar, tukakubaliana yeye aende na kurudi. Wengi wenu mnaosoma hapa mnayajua hayo maisha: ndoa ya Ijumaa mpaka Jumapili, mapenzi ya WhatsApp, kugombana kwa sababu mtandao ulikata katikati ya sentensi. Kwa hiyo kila Ijumaa ya pili, jioni, yeye anashuka kutoka Dodoma. Siku ile ile ya wiki, barabara ile ile. Na kila Ijumaa ya pili mimi hukumbuka ngazi za ofisi ile na ujumbe ule wa simu. Sikuwahi kumwambia, hata mara moja. Treni ilipoanza kwenda Dodoma, Julai 2024, nilimwambia apande treni, akasema anahitaji gari huku na kule, nikasema sawa, tukanuniana siku mbili, yakaisha. Alidhani nahesabu hela ya mafuta.

Ningekwambia kwamba nilikwenda Gairo kama shabiki, na ni kweli. Lakini pia nilitaka nipaone ninapopaogopa.

Saa moja na nusu nikatoka nje. Giza limeshaingia, upepo unavuma, taa za malori zinashuka mlimani moja moja, na kila moja naiangalia kama itakata kona. Yule mama wa chai alikuwa anafunga kibanda. Aliponiona hakuniuliza kitu. Alileta kigoda, akakaa na mimi, akaanza kuongea habari za bei ya vitunguu. Aliongea vitunguu kwa nusu saa nzima, Mungu ambariki.

Saa mbili na dakika kumi gari likaingia, limejaa vumbi. Lori lilikuwa limelala barabarani mbele ya Kibaigwa, foleni ndefu, simu ikazima chaji. Akashuka anatabasamu, mkononi ameshika mfuko wa karanga. "Hepi anivesari, mama."

Nikaangua kilio. Hapo hapo, mbele ya mama wa chai, mbele ya madereva wa Burundi.

Chumbani nilimwambia yote, kuanzia ngazi za ofisi. Alikaa kitandani na viatu vyake akinisikiliza. Mwisho akauliza, "Miaka yote hiyo kila Ijumaa?" Nikasema kila Ijumaa. Hakusema kitu kingine, akatoa laptopu. "Haya, niwekee hiyo muvi yako."

Miaka nane ya ndoa na hakuwahi kuiangalia. Alikuwa upande wa watu wa Netflix. Tukajifunika blanketi mbili, karanga katikati. Dakika ya kumi alikuwa anakosoa sauti. Dakika ya thelathini alikuwa amenyamaza. Umeme ulikatika kidogo, laptopu ikaendelea kwa betri, uso wake ukawa unaonekana kwa mwanga wa muvi tu. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda, aliinua mkono kufunga, nikamshika.

"Subiri."

Akasubiri. Jina likapita.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Asubuhi tulikunywa chai kwa mama, tukaaga, tukaanza kushuka kuelekea Morogoro. Kilomita chache nje ya mji akapunguza mwendo, akaweka gari pembeni, akawasha taa za tahadhari. Nikamuuliza nini. Akasema si ulitaka mahali. Nikamwambia si hapa, hakuna anayejua ni wapi. "Najua," akasema, akazima injini.

Tukakaa kama dakika tano. Malori yakapita, gari likatikisika kila moja lilipopita. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la alizeti na mtoto anachunga mbuzi watatu.

"Twende?"

"Twende. Taratibu."

"Hapo chini Dumila trafiki wana tochi," akasema, akiwasha gari. "Hata nikitaka siwezi."